Beji yangu ya mionzi imesoma 1.9, wenzangu 0.1. Imefanya nini mwilini?

Nesi wa Thieta

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Mimi ni nesi wa thieta katika hospitali moja hapa Mombasa, upande wa kisiwani. Kazi yetu kubwa ni mifupa: vijana wa bodaboda waliovunjika paja, wazee walioteleza bafuni wakavunja nyonga. Daktari akiwa anaweka chuma hutazama kwa ile mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda, C-arm, na mimi niko pale pale kando ya meza nampa vyombo.

Mwaka huu tumepewa beji za mionzi, zile za kubana kwenye nguo. Ripoti ya miezi mitatu imerudi juzi. Wenzangu wana 0.1, mmoja 0.2. Mimi nina 1.9 mSv. Msimamizi kaniambia, "Iko chini ya kiwango, weka saini." Nimeweka, ila moyo haujatulia.

Ninachotaka kujua: hiyo 1.9 ni kipimo cha nini hasa? Kile kiplastiki kinajuaje? Na mwilini mwangu imefanya nini? Nimeolewa mwaka jana, bado hatujajaaliwa mtoto, na mamamkwe keshasikia, ananiambia watu wa eksirei hawazai. Pale kazini nako kuna mzee ananihimiza ninywe nusu lita ya maziwa kila nikitoka zamu ati yasafishe miale. Nayanywa. Naomba mwenye ujuzi anijibu kwa kweli, asinifariji tu.

Mstaafu wa Chumba cha Giza

Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi nimepiga picha za eksirei maisha yangu yote ya kazi hapa Pwani, tangu enzi za kuosha filamu gizani hadi hizi za kompyuta. Swali lako ni zuri, na umefanya vyema kutotosheka na saini.

Kabla sijaendelea nijibu mawili. Beji unaivaa juu ya aproni ya risasi, ile nzito yenye madini ya kuzuia mionzi, au chini yake? Na zamu ikiisha unaiacha wapi? Nisipojua hayo, 1.9 yako haina maana kamili.

Sasa kile kiplastiki. Ukikifungua utakuta vipande vyembamba vya litiamu floraidi, upana wake kama milimita tatu. Ni fuwele. Eksirei ikipita humo inang'oa elektroni kutoka mahali pake, na nyingine zinanaswa kwenye kasoro za hiyo fuwele zisiweze kurudi. Zinakaa hapo wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Beji ikifika maabara, kipande kinapashwa moto kupita digrii 200, elektroni zinaachiwa, na zikirudi kwao zinatoa mwanga hafifu ambao jicho halitegemewi kuuona. Kuna kifaa kinaupima. Mwanga ukiwa mwingi, dozi ilikuwa kubwa. Kipande kikishasomwa kimefutika, kinarudishwa kazini upya. Kwa hiyo beji haikukingi na chochote. Inaweka hesabu tu, na inaweka hesabu ya mahali ilipokuwa yenyewe.

Vipimo vyenyewe viko vitatu na watu huvichanganya. Bekereli inahesabu atomu ngapi zinavunjika kila sekunde katika kitu chenye unururifu, yaani kinachotoa mionzi chenyewe. Hiyo haikuhusu, maana ndani ya C-arm hamna kitu kama hicho, mna tyubu na umeme. Umeme ukikatika mle ndani hamna mionzi hata chembe. Grei ndiyo inayopima nishati iliyobaki mwilini: joule moja katika kila kilo moja ya mwili ni grei moja. Siverti inachukua hiyo grei na kuuliza madhara: ni mionzi ya aina gani, na imeangukia kiungo gani. Kwa eksirei, aina yake inazidishwa kwa moja. Kwa miale ya alfa inazidishwa kwa 20. Ile 1.9 kwenye ripoti yako ni milisiverti, sehemu moja ya elfu ya siverti, na imekadiriwa kwa kina cha milimita 10 chini ya ngozi, pale pale beji ilipokuwa imebanwa.

Nije kwenye mwili, maana hapa ndipo wengi wanapoelezwa ovyo.

Grei nne zikimpata mtu mwili mzima kwa mkupuo mmoja, joto lake litapanda kwa kama sehemu moja ya elfu ya digrii. Kikombe cha chai ya rangi ulichokunywa asubuhi kimekutia joto zaidi kwa mbali. Lakini watu wakipata grei nne namna hiyo na wasitibiwe, karibu nusu yao hufa ndani ya siku 60. Nishati ni ndogo mno; balaa ni mahali inapoangukia. Eksirei inang'oa elektroni kutoka kwenye molekuli. Sehemu kubwa ya seli ni maji, basi mara nyingi ni maji yanayovunjika, na vipande vyake vinashambulia chochote kilicho karibu. Kilicho karibu kikiwa ni DNA, uzi unakatika. Uzi mmoja ukikatika seli inauunga, inasoma upande wa pili uliobaki mzima. Nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja, kazi inakuwa ngumu. Grei moja inakata nyuzi moja moja kama elfu katika kila seli, na zote mbili kwa pamoja kama mara 40.

Baada ya hapo seli inaunga sawasawa na maisha yanaendelea, au inashindwa na kufa, au inaunga vibaya na kubaki hai. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoweza kuja kuwa saratani baada ya miaka mingi. Seli zikifa nyingi kwa pamoja, unaona ugonjwa ndani ya siku au wiki: kutapika, damu kupungua, ngozi kuchubuka. Zikifa chache, mwili unazijaza na huoni lolote.

Tena viungo havilingani. Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, waliandika mwaka 1906 kwamba seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazoumia zaidi. Ndiyo maana uboho wa mifupa, utando wa utumbo, mizizi ya nywele na seli zinazotengeneza mbegu za kiume hutangulia kuumia, na misuli na mishipa ya fahamu huvumilia.

Haya niliyaona kwa karibu sana dadangu alipotibiwa saratani ya titi kwa mionzi. Alikuwa akipewa grei mbili kwa siku, siku tano za wiki. Wiki mbili za kwanza, kimya. Wiki ya tatu ngozi ikaanza kuwa nyeusi, ikawasha, kisha chini ya titi, pale panapokunjana na kutoa jasho, ikachubuka. Ule weusi ulikuwa na kingo zilizonyooka kama zimepigwa rula, kwa sababu mionzi ilielekezwa kwenye umbo la pembe nne. Nje ya ule mstari ngozi ilikuwa yake ya kila siku. Alimaliza grei 50, na hakutapika, wala damu yake haikutetereka. Grei 50! Mtu akipigwa nusu ya robo ya hizo mwili mzima kwa mara moja, anachungulia kaburi. Yeye zilimpata sehemu ndogo, kidogo kidogo, na kila usiku seli zake nzima zilipata muda wa kujiunga. Mahali na muda, mwanangu. Tarakimu peke yake haisemi kitu.

Sasa pima ya kwako. Grei nne ni zaidi ya mara elfu mbili ya ulichopata. Ardhi, anga na chakula vinampa mwanadamu wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka, dunia nzima. Kiwango cha mfanyakazi wa mionzi ni 20 kwa mwaka ukichukua wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote usivuke 50. Ovari kuharibika kabisa kunahitaji grei kadhaa kwa mkupuo, si sehemu mbili za elfu. Mamamkwe mwambie kwa heshima zake zote: kazi hii haijakufunga kizazi.

Kuhusu saratani, shirika la kimataifa la kinga ya mionzi linakadiria hatari kuwa kama 5 katika 100 kwa kila siverti. Ukilifuata kadirio hilo, 1.9 yako ni kama nafasi moja katika elfu kumi. Ni ndogo, wala sikwambii ni sufuri. Na ndiyo maana msimamizi wako amesema kweli lakini hakuimaliza. Kanuni ya kazi yetu inataka dozi iwe ndogo kadiri inavyowezekana, hata chini ya kiwango. Nesi mmoja akisoma mara kumi ya wenzake, mtu mwenye dhamana huuliza kwa nini.

Na maziwa. Kunywa kama unayapenda. Eksirei ikishapita haibaki mwilini, hakuna kitu cha kusafisha. Na nikwambie jambo: baada ya mlipuko wa Chernobyl mwaka 1986, iodini yenye unururifu ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala, na maziwa yale yale ndiyo yaliyopeleka mionzi kwenye tezi ya shingo ya watoto. Wengi wakaja kupata saratani ya tezi hiyo. Nani alianzisha hili la maziwa kwa watu wa eksirei sijui, lakini nimeliona likiwafanya vijana wasijali aproni kwa kuwa wana paketi kwenye mkoba, na hilo linaniuma.

Dereva wa Miritini

Mzee shikamoo. Nimesoma neno kwa neno. Sisi madereva wa trela tukipita bandarini kontena inapigwa skana. Tunaambiwa tuteremke tukae nyuma ya mstari. Kuna siku tunabeba mchele, kuna siku ngano. Ule mchele unabaki na mionzi? Na trela yenyewe, si nalala humo?

Mstaafu wa Chumba cha Giza

Marahaba, kijana. Mchele kula, na ndani ya trela lala. Ile skana ni eksirei kubwa, yenye nguvu kuliko ya hospitali kwa sababu inapenya chuma, lakini ni yale yale: ikizimwa imekwisha, na mzigo haugeuki kuwa wenye mionzi. Wewe teremka na ukae nyuma ya mstari kila mara, hata foleni ikiwa ndefu na mtu anakuhimiza upite.

La kuogopa katika kazi yako ni kitu kingine. Wanaobeba chuma chakavu wasikilize. Kuna vyombo vyenye chanzo cha mionzi ndani yake, vya tiba ya saratani na vya kukagua maungio ya mabomba, na hivyo havina swichi ya kuzima kilichomo. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu wawili walichukua chombo kutoka kliniki iliyohamwa, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na sizimu 137, unga unaong'aa samawati gizani. Watu wakagawiana, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita aliyekula chakula kwa mikono yenye ule unga, na watu 249 wakakutwa wamepakazika. Hapo ndipo bekereli zinapohusu, maana kitu chenyewe kimeingia mwilini na kinaendelea kupiga ukiwa umelala. Ukiona kwenye chuma alama ya mapanga matatu kwenye rangi ya manjano, au kikopo kidogo kizito kupita kiasi, usikikate, usikiweke kwenye kabini. Sogea mbali na uite polisi.

Mdigo wa Lungalunga

Na sisi wa mlima Mrima, huku Kwale, je? Tangu nikiwa mdogo wanakuja watu na mashine inayolia tik tik tik, wanazunguka mlimani hadi mpaka wa kaya, msitu wetu mtakatifu, wanaondoka. Hakuna anayetuambia kitu. Wazee wetu wamezikwa pale, na walizeeka.

Mstaafu wa Chumba cha Giza

Ndugu yangu, mlikuwa mnastahili kuelezwa, na mapema. Mwamba wa Mrima una thoriamu, madini yanayotoa mionzi yenyewe, pamoja na niobiamu na madini mengine adimu. Wanajiolojia wanaujua tangu miaka ya 1950. Hiyo mashine ya tik tik ni kihesabio cha Geiger, kilichokamilishwa na Hans Geiger na Walther Müller mwaka 1928. Ndani yake mna gesi yenye umeme; mwale mmoja ukiingia gesi inapitisha umeme mara moja, nayo inalia. Inahesabu miale. Haisemi mwale ulikuwa na nguvu kiasi gani wala umeingia kiungo kipi, kwa hiyo mlio wa haraka peke yake usikutie hofu. Cha kuuliza ni dozi kwa saa mahali mnapolala na mnapolima, kisha uzidishe kwa saa mnazokaa hapo.

Ila nyumba zenu za udongo niulizie. Thoriamu inazaa gesi, na gesi hiyo na vizazi vyake vinatoa miale ya alfa. Alfa ikiwa nje ya mwili haivuki hata ngozi iliyokufa ya juu. Ukiivuta na hewa, ndani ya pafu hamna ngozi iliyokufa, inapiga seli hai moja kwa moja, na nimeshasema inazidishwa kwa 20. Udongo wa kukandikia nyumba msiutoe mlimani, na vyumba viwe na madirisha yanayofunguliwa. Wakija tena wale watu, muwaombe waingie ndani ya nyumba wapime hewa, wasiishie kaya.

Nesi wa Thieta

Mzee, shukran sana. Nilisoma nikiwa kwenye feri, nikapitiliza kwa kusoma.

Majibu yako haya. Beji naivaa juu ya aproni, karibu na shingo, ndivyo nilivyoelekezwa siku ya kwanza. Wenzangu wanavaa chini. Zamu ikiisha inabaki imebanwa kwenye aproni, na aproni zinatundikwa ukutani mle mle thieta. Yangu iko kigingi cha kwanza, hatua mbili tatu kutoka kwa meza. Usiku timu nyingine inaendelea na C-arm.

Mstaafu wa Chumba cha Giza

Basi hilo hapo. Beji yako imekuwa ikifanya zamu mbili, yako na ya usiku, tena bila risasi mbele yake. Aproni ya nusu milimita ya risasi inazuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayotawanyika, kwa hiyo kifua na tumbo lako havikupata 1.9 hata kidogo. Hata hivyo usilichukulie jambo hili kuwa limekwisha. Liandike kwa barua kwa afisa wa usalama wa mionzi wa hospitali: beji ilivaliwa wapi, ilitundikwa wapi, tarehe gani hadi gani. Hesabu yako ya dozi inakufuata maisha yote ya kazi, isiandikwe kitu kisicho chako. Na zamu ikiisha, beji zote ziwekwe ofisini mahali pamoja na ile ya kulinganisha, ambayo haivaliwi na mtu, ipo ili wajue ardhi na anga vimechangia kiasi gani wakakipunguza.

Omba beji mbili. Moja chini ya aproni kwa ajili ya mwili, moja juu kwenye kola kwa ajili ya macho. Jicho haliko nyuma ya risasi, na lenzi ni kiungo dhaifu. Mtoto wa jicho anaweza kuanza kwenye nusu grei, hata ikikusanywa kwa miaka. Kiwango cha lenzi sasa ni milisiverti 20 kwa mwaka. Zamani kilikuwa 150.

Kingine ni mahali pa kusimama. Mionzi inayokufikia wewe inatoka kwa mgonjwa mwenyewe, inagonga paja lake na kutawanyika. Mita moja kutoka kwake ni kama sehemu moja ya elfu ya ile inayompiga yeye. Ukienda mita mbili, inabaki robo ya hiyo. Basi mwombe daktari aseme "natazama" kabla ya kukanyaga pedali, nawe urudi nyuma hatua moja. Tyubu iwe chini ya meza. Wakiigeuza kwa upande, simama upande wa kipokezi cha picha, usisimame upande wa tyubu, maana huko ndiko inakorudi nyingi. Madaktari wazuri hawakasiriki ukiwaambia hivyo.

Na Mungu akikujaalia, mwandikie mwajiri siku hiyo hiyo utakapojua. Kuanzia hapo mtoto tumboni asipate zaidi ya milisiverti moja hadi atakapozaliwa. Watakupangia kazi nyingine au wakubakishe kwa uangalizi, na beji ya pili ivaliwe tumboni chini ya aproni. Kilema kwa mtoto hakitarajiwi mpaka ifike kama milisiverti 100, ila hatungojei huko.

Nesi wa Thieta

Barua nimeipeleka leo, na afisa ameipokea vizuri, kasema hata yeye hakujua aproni zinatundikwa mle. Swali la mwisho, mzee wangu: kola ya shingo ya risasi tunayo moja tu, na daktari huivaa yeye. Nivumilie?

Mstaafu wa Chumba cha Giza

Usivumilie. Mwenye leseni ya mashine ndiye anayepaswa kumpa kila anayesimama pale vifaa vya kujikinga. Hayo yako chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Liongeze kwenye barua ile ile, uombe kola kwa kila mtu wa thieta, na mkishazipata mzipige picha kwenye eksirei mara moja kwa mwaka pamoja na aproni. Risasi ya ndani hupasuka mtu akizoea kuikunja, na kwa nje huoni kitu.